Vyumba Vilivyo Ndani ya Seli ya Mhogo

Ndugu mkulima, mhogo mchungu ulio ardhini hauna ile sumu inayoua, ila kwa kiasi kidogo mno. Huenda ukashangaa kusikia hivyo, maana tangu utotoni umeambiwa usiutafune ukiwa mbichi. Onyo hilo ni la kweli kabisa, wala usiliache. Lakini sumu yenyewe, iitwayo sianidi, huzaliwa pale mzizi unapokatwa, unapotwangwa au unapovunjwa kwa meno. Kabla ya hapo vitu viwili vinavyoizaa hukaa mbalimbali, kila kimoja mahali pake, na ukuta uko katikati. Mahali hapo ni padogo hata jicho haliwezi kupaona. Napo ndipo tutakapopazungumzia mwezi huu.

Nimelichagua somo hili kwa sababu moja. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Tarime, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Isebania, walipatwa na ugonjwa wa miguu uitwao konzo. Watoto na kina mama waliokuwa wazima jana yake waliamka miguu imekakamaa, nao hawakupona tena. Hawakurogwa, wala hawakuambukizana. Chanzo chake kilikuwa unga wa mhogo ulioandaliwa kwa haraka kwa kuwa njaa ilikuwa imebisha hodi. Sisi wa Migori na Homa Bay tunalima mhogo uleule, katika hali ya nchi ileile, na ukame unatufikia vilevile. Basi yafaa tufahamu kinachotendeka ndani ya mzizi, tusije tukafuata kanuni za mapishi bila kujua maana yake. Mtu asiyejua maana ya kanuni ndiye huikata nusu siku ya shida.

Boma lenye vyumba vingi

Kila kiumbe hai, awe mhindi, ng'ombe, samaki au wewe mwenyewe, kimejengwa kwa seli. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyezipa jina hilo mwaka 1665, alipotazama ganda la mti kwa kioo cha kukuza akaona vijumba vidogo vidogo vilivyopangana. Jina lenyewe maana yake ni chumba kidogo, na ndiyo sababu hata chumba cha mahabusu kituoni huitwa seli. Seli ya mmea ni ndogo sana. Katika milimita moja ya rula ya mtoto wa shule unaweza kupanga seli kumi au ishirini, zikakaa bila kubanana.

Hooke aliona kuta tu. Waliokuja baada yake, wakiwa na vioo vyenye nguvu zaidi, waligundua kwamba ndani ya kila seli mna vyumba vingine. Kwa hiyo usiifikirie seli kama nyumba moja. Ifikirie kama boma. Ndani ya boma mna nyumba ya mwenye mji, mna nyumba za wake, mna jiko, mna ghala, mna zizi. Kila mahali pana kazi yake, na mtu hapiki zizini wala hafungi ng'ombe ghalani.

Nyumba ya mwenye mji ni kiini. Humo huhifadhiwa jeni, yaani maandishi yote ya jinsi ya kujenga kila kitu kihitajiwacho na seli. Jiko la kwanza ni kloroplasti, vifuko vya kijani vinavyolipa jani rangi yake. Vinachukua mwanga wa jua, maji na hewa chafu tuitoayo puani, vinatengeneza sukari. Jiko la pili ni mitokondria, ambamo sukari huchomwa polepole kwa hewa safi ya oksijeni ili seli ipate nguvu. Seli za miili yetu hazina kloroplasti, ndiyo maana hatushibi kwa kuota jua, lakini mitokondria tunazo. Likumbuke neno hili, maana tutalirudia. Kisha kuna ghala kubwa liitwalo vakuoli, kifuko cha maji ambacho katika seli ya mmea huweza kuchukua sehemu kubwa ya nafasi yote. Mwisho kuna mtandao wa ngozi laini zilizokunjwakunjwa kama shuka, unaopita katikati ya boma, nao ni karakana na njia kwa wakati mmoja.

Kila chumba kimezungushiwa utando mwembamba wa mafuta. Kama ujuavyo, mafuta na maji havichanganyiki. Kwa hiyo kitu kilichoyeyuka katika maji ya chumba kimoja hakiwezi kupenya ovyo kuingia chumba cha pili. Ni lazima kipitie mlangoni, na kila mlango una bawabu wake anayejua nani wa kumruhusu.

Barua na anwani

Hapa ndipo lilipo swali ambalo wataalamu walisumbuka nalo miaka mingi. Ikiwa maandishi yote yamo nyumbani kwa mwenye mji, na kazi zinafanyika jikoni na ghalani, amri hufikaje huko?

Kwanza, maandishi yenyewe hayatoki ndani ya kiini kamwe. Hunakiliwa, na nakala ndiyo itumwayo nje, kama vile hati ya shamba lako inavyobaki katika ofisi ya ardhi nawe ukapewa nakala. Nakala hiyo hufika kwa mafundi wadogo waliotapakaa kote katika boma, waitwao ribosomu. Hao huisoma neno kwa neno na kujenga protini. Protini nyingi za aina hii ni vimeng'enya, yaani mafundi wa kubadilisha kitu kimoja kuwa kingine. Mate yako yana kimeng'enya kinachougeuza unga kuwa sukari. Tafuna ugali kitambo bila kumeza, utaonja utamu wake.

Pili, protini iliyojengwa inajuaje pa kwenda? Mwaka 1999 Günter Blobel, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi New York, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jambo hili. Protini huzaliwa na anwani yake mwilini. Mara nyingi sehemu ya mwanzo ya mnyororo wake ni kama bahasha iliyoandikwa: hii ni ya kloroplasti, hii ni ya mitokondria, hii ipitie mtandao itoke nje hadi ukutani. Bawabu wa mlango huisoma anwani, humfungulia mgeni, na mara nyingi akishaingia kipande kile cha anwani hukatwa na kutupwa. Mimi nilifundishwa ualimu kabla ya kuwa karani wa ofisi ya kilimo, na katika mambo yote ya elimu ya viumbe hili ndilo linalonipendeza kuliko yote. Barua zinapotea kila siku baina ya Homa Bay na Kisumu, lakini seli ya jani la mhogo hupeleka mizigo isiyohesabika kila dakika na kupoteza michache.

Wala amri hazitoki upande mmoja tu. Kloroplasti ina maandishi machache yake yenyewe, jeni kama mia moja hivi, lakini inahitaji protini zaidi ya elfu mbili. Zilizo nyingi huandikwa katika kiini. Kwa hiyo wawili hawa hawana budi kusikilizana. Jua likiwa kali mno, au maji yakiwa yamepungua, kloroplasti hupeleka ishara kwa mwenye mji kumwambia: usilete tena mafundi wa kukusanya mwanga, wale waliopo wananitosha, niletee wa kunikinga. Mwenye mji husikia, akabadilisha nakala anazozitoa. Vyumba vingine hata havitumi mjumbe, bali hukaribiana mpaka kuta zikagusana, vikapeana mafuta na chumvi hapohapo, kama majirani wanaopeana moto juu ya ua.

Safari ya linamarini

Sasa turudi kwenye mhogo wetu, tuone jinsi vyumba hivi vinavyoshirikiana kutengeneza silaha.

Kazi inaanzia katika kloroplasti ya jani. Humo hutengenezwa kitu kiitwacho valini, ambacho ni mojawapo ya matofali ya kujengea protini. Valini nyingi hutumika kwa ujenzi huo wa kawaida. Nyingine hutoka mlangoni na kupelekwa kwenye ule mtandao wa ngozi laini, ambako vimeng'enya vilivyokaa juu ya ngozi huibadilisha hatua kwa hatua. Mwishowe huunganishwa na sukari, ikawa linamarini. Ile sukari ni kama kofia ya chupa: maadamu ipo, sumu haitoki. Linamarini nyingi hutengenezwa majanini, kisha husafirishwa kupitia shina mpaka mizizini. Kote huko huhifadhiwa ndani ya vakuoli, lile ghala la maji.

Wakati huohuo, kiini kimetoa nakala nyingine ya kujenga kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Kazi yake ni kuivua linamarini ile kofia. Je, seli inakiweka wapi kisu cha hatari namna hiyo? Haikiweki ghalani pamoja na linamarini, la hasha. Anwani ya linamarasi huipitisha katika mtandao, ikatoka nje kabisa ya boma, ikakaa katika ukuta wa seli. Kisu kiko uani, chupa iko ghalani, na katikati pana tando mbili.

Panya buku anapokuja usiku akauma mzizi, meno yake huvunja ghala na ukuta kwa pamoja. Linamarini inamwagika, linamarasi inaidaka, kofia inavuliwa, na kilichobaki huachana upesi kikatoa sianidi. Mnyama ndiye aliyeichanganya sumu kwa kinywa chake mwenyewe.

Wanyama nao wana mipango ya kutenga namna hii. Mwaka 1949 Christian de Duve, wa chuo kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, alikuwa akipima kimeng'enya fulani katika ini la panya. Alishangaa kukikuta kidogo sana. Aliweka ile dawa yake katika friji siku chache, akapima tena, akakikuta kingi. Kimeng'enya hakikuongezeka. Kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko, na vifuko vilikuwa vimepasuka. Vifuko hivyo vilipewa jina la lisosomu mwaka 1955, navyo ndivyo seli zetu huvitumia kuyeyushia taka bila kujiyeyusha zenyewe. De Duve akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1974 pamoja na wenzake wawili.

Inakoshambulia

Kumbuka sasa mitokondria, lile jiko la kuchomea sukari kwa oksijeni. Hatua ya mwisho ya kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kimoja kinachoipokea oksijeni. Sianidi huja ikakalia kiti cha oksijeni, haiondoki. Mtu aliyekula nyingi huvuta hewa, mapafu yake ni mazima, damu yake imejaa oksijeni, lakini seli zake haziwezi kuitumia. Ni kama kuwa na kuni tele na jiko lililozibwa. Huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, hutapika, hupumua kwa haraka, na akizidiwa hufa. Ukiona dalili hizo baada ya mlo wa mhogo, usikae nyumbani kungojea zipite. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja, ukawaambie waganga alichokula.

Konzo ni jambo la namna nyingine. Haiji kwa mlo mmoja mbaya. Huja baada ya majuma ya kula kila siku unga wenye sianidi ya kiasi, kwa mtu ambaye mboga yake ni haba. Hapa pia siri iko katika mitokondria, hasa za ini. Humo mna kimeng'enya kinachoishika sianidi na kuiunganisha na salfa, ikawa kitu kisicho na ukali wake, kikatoka kwa mkojo. Lakini salfa hiyo itoke wapi? Hutoka katika protini tulazo: samaki, mayai, maziwa, nyama, maharagwe. Nyumba yenye omena chunguni inalipatia ini silaha yake. Nyumba inayokula ugali wa mhogo kwa chumvi, asubuhi na jioni, imelinyang'anya.

Jina la konzo ni la lugha ya Kiyaka ya Kongo, ambako daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, nalo humaanisha miguu iliyofungwa. Huko Msumbiji mwaka 1981 ukame ulileta wagonjwa zaidi ya elfu moja katika jimbo la Nampula. Kisha Tarime. Tazama kwamba kila mara ni ukame. Sababu zake ni mbili na zinakuja pamoja. Mmea wenye kiu huongeza linamarini mizizini. Na mama mwenye watoto wanaolia hawezi kungoja siku nne.

Kuvunja kuta kwa makusudi

Basi kazi yetu ni ipi? Watu wengi hudhani ya kwamba kuondoa sumu ni kuiua kwa moto. Ukishaelewa habari za vyumba utaona kwamba njia ni kinyume chake. Tunataka linamarini na linamarasi zikutane, tena mapema, mbali na kinywa cha mtu, ili sianidi izaliwe na kuondoka yenyewe hewani. Huondoka kwa urahisi, maana huwa mvuke kwenye joto la nyuzi 26 tu, na mchana wa kando ya ziwa hupita hapo siku nyingi.

Ukitia vipande vikubwa vya mhogo mchungu katika maji yanayochemka, unafanya kosa bila kujua. Moto unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki nzima ndani ya vipande. Ukiila, vijidudu vilivyo tumboni mwako vinaweza kuivua kofia badala yake. Kwa hiyo kuchemsha peke yake kunafaa kwa mhogo mtamu tu. Huo nao umenye vizuri, kwa kuwa ganda lina sumu nyingi kuliko nyama ya ndani. Ukate vipande vidogo, uanze na maji baridi mengi, usifunike sufuria, umwage maji yake.

Kwa mhogo mchungu, menya, kisha loweka siku tatu au nne mpaka mizizi ilainike na kubonyea kwa kidole. Kulainika kwenyewe ndiko kuvunjika kwa kuta. Vijidudu vya uchachu vimefanya kazi ya kinu. Ama kwaruza au twanga mhogo ukiwa mbichi, uuache umelala, kisha ukamue maji na kuanika. Wengi kwetu hurundika mizizi iliyomenywa, wakaifunika kwa majani siku tatu au nne mpaka iote ukungu, wakakwangua ukungu, wakaponda na kuanika. Njia hiyo pia hupunguza sumu sana. Ile isiyofaa ni kuipasua mizizi vipande vinene na kuianika moja kwa moja juani. Jua linakausha maji, na pasipo maji kimeng'enya hakifanyi kazi. Vyumba vingi vinakauka vikiwa bado vimefungwa. Makopa meupe mazuri ya sokoni huenda yakawa yameandaliwa hivyo, na weupe wake si ushahidi wa usalama.

Lakini hapo ipo habari njema. Ndani ya unga uliokaushwa, linamarasi haikufa. Imelala tu. Howard Bradbury na wenzake wa Australia waliona ya kwamba ukiurudishia unga maji, kimeng'enya huamka. Fanya hivi: pima unga utakaoupika jioni, utie katika beseni, ongeza maji ukikoroga mpaka uwe umeloa wote. Utandaze juu ya mkeka au turubai safi, unene usizidi sentimita moja. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sianidi itatoka hewani. Kisha upike ugali wako siku ileile, maana unga uliolowa hauwekeki. Ukiuchanganya na wa mtama au wimbi, kama ilivyo desturi yetu, uloweshe wa mhogo kwanza peke yake. Kazi hii haitaki fedha wala mashine, na katika mwaka wa njaa ni saa mbili badala ya siku nne. Kipimo cha mataifa kwa unga ulio salama ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja. Mhogo mchungu mbichi huweza kupita 100 kwa kilo, kwa hiyo safari ya kuupunguza ni ndefu, na njia moja ikifuatwa nusu haiufikishi.

Usiutegemee ulimi peke yake. Uchungu mara nyingi huonya, lakini mbegu zenye utamu kidogo nazo huweza kuwa na sumu, hasa zikipatwa na ukame.

Kwa nini mhogo hauweki

Mkulima wa Rongo au Oyugis anayepeleka mhogo sokoni anajua ya kuwa mzizi ukishang'olewa huanza kuwa na mistari ya samawati na nyeusi baada ya siku mbili au tatu, ukakosa mnunuzi. Huo sio uozo wa kawaida. Jembe limejeruhi seli, sianidi imetoka, nayo imeziba mitokondria za mhogo wenyewe. Jiko lililozibwa hutoa moshi, na moshi wa mitokondria ni oksijeni kali inayounguza kila kitu kilicho karibu. Chumba kimoja kikipasuka, chumba cha pili kinaugua. Kwa hiyo ng'oa kwa uangalifu, usiikate mizizi kwa jembe wala kuitupatupa kwenye gari. Ukikata matawi yote ya juu majuma mawili au matatu kabla ya kuvuna, ukaiacha mizizi ardhini, itakaa siku nyingi zaidi bila kubadilika rangi.

Kayongo na kile chumba cha valini

Nilisema valini hutengenezwa ndani ya kloroplasti. Mimea yote hufanya hivyo, hata ile isiyo na kijani kibichi cha kutosha, kwa kuwa ina vifuko vya jamii hiyo. Kayongo, yule adui wa mahindi mwenye ua la waridi, naye anahitaji valini, na chini ya ardhi anapoanza kuunyonya mzizi wa mhindi ana vifuko hivyo tayari.

Dawa iitwayo imazapiri hukizuia kimeng'enya cha kwanza cha kazi hiyo. Mmea ukikosa valini na ndugu zake haujengi protini, hufa. Wataalamu wa mahindi walipata mhindi ambao katika kiini chake, kwenye maandishi ya kimeng'enya hicho, herufi moja ilikuwa imebadilika. Nakala hutoka na badiliko hilo, protini hujengwa nalo, husoma anwani yake na kuingia katika kloroplasti, na dawa ikifika haiwezi kuishika. Hakuna jeni ya kiumbe kingine iliyotiwa. Basi mbegu hupakwa imazapiri kabla ya kupandwa. Kayongo huja, hujishikiza mzizini, hunywa dawa pamoja na chakula, hufa kabla ya kuchomoza. Mhindi hausikii kitu.

Ukipata mbegu hizo, osha mikono vizuri kabla hujagusa mbegu za maharagwe, karanga au mahindi ya kawaida. Kiini chao hakina lile badiliko, na vumbi la dawa lililo kwenye vidole linatosha kuwaua.

Mtama na ng'ombe

Jambo la mwisho ni la mifugo, nalo nitalisema kwa wale wa Lambwe, Ndhiwa na Nyatike hasa, walimao mtama.

Mtama mchanga una sumu ya jamii moja na ile ya mhogo, lakini umeitenga kwa ustadi zaidi. Mhogo huweka chupa ghalani na kisu uani katika seli moja. Mtama huweka chupa, iitwayo dhurini, ndani ya vakuoli za seli za ngozi ya nje ya jani. Kisu chake kimo ndani ya kloroplasti za seli za ndani. Hata seli moja ikipasuka, bado hakuna kitu. Ni lazima jani zima lisagwe, na ng'ombe ndivyo alavyo.

Punje kavu za mtama hazina dhurini, kwa hiyo ugali wake usikutie wasiwasi. Kimea ndicho cha kutazamwa: punje ikiota, chipukizi na vijizizi vyake vina dhurini nyingi. Ukitengeneza kimea cha uji wa mtoto, kianike kikauke, kisugue mpaka chipukizi na vijizizi vitoke, uvipepete uvitupe.

Ng'ombe hudhurika zaidi na machipukizi yaotayo juu ya visiki baada ya mavuno, na mtama uliodumazwa na ukame kisha ukanyweshwa na mvua ya ghafla. Usiwaachie humo mpaka umepita urefu wa magoti yako, na hata hapo usiwaingize wakiwa na njaa. Wape majani mengine kwanza. Ng'ombe aliyedhurika hupumua kwa nguvu, hutetemeka, huanguka, na fizi zake huwa nyekundu kuliko kawaida, kwa kuwa damu imejaa oksijeni isiyochukuliwa na mtu. Mpigie simu daktari wa mifugo papo hapo, umweleze kwamba ametoka kwenye mtama. Atakuja na sindano ya dawa yenye salfa, aichome katika mshipa, na ikiwahi, mnyama husimama.